Pampu ya oili ya presha kubwa ya Ford 6.0: ununue ipi, na lini usinunue kabisa

Ford F-250 na F-350 za dizeli zenye injini ya Power Stroke ya lita 6.0, modeli ya 2003 hadi 2007, zinapatikana Marekani kwa bei ya chini ukilinganisha na mzigo zinaoweza kuvuta. Ndiyo maana ndugu zetu wengi wanaoanza biashara ya kuvuta magari, kubeba samani au kukokota trela huanza na pikapu hizi. Baada ya muda ugonjwa unajitokeza. Asubuhi gari linawaka vizuri. Mchana, injini ikiwa ya moto, unaizima kwenye kituo cha mafuta na haiwaki tena. Unapiga stata mpaka betri zinachoka. Ukisubiri saa mbili tatu ipoe, inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo.

Ukiuliza, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba pampu ya oili ya presha kubwa imekufa. Mimi nasema pampu hiyo iwe kitu cha mwisho kwenye orodha ya manunuzi. Yenyewe ni mamia ya dola, na ili kuifikia fundi lazima aing'oe tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini), na mara nyingi manifoldi ya hewa pia, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na gereji nyingi huku Marekani zinatoza zaidi ya dola 100 kwa saa. Kuifunga pampu mpya wakati presha inavujia kwingine ni sawa na kununua pampu ya baiskeli wakati tyubu ina tundu.

Kwa nini oili ndiyo inayoamua

Injini hii haitumii pampu ya dizeli ya presha kubwa kama zile tulizozizoea kwenye Canter za zamani. Dizeli hufika kwenye injekta, yaani vipulizi vya dizeli, kwa presha ndogo, kisha oili ya injini ndiyo inayoisukuma. Pampu tunayoizungumzia huipandisha oili presha, na ndani ya kila injekta oili hiyo hukandamiza pistoni ndogo inayoizidisha presha mara saba hivi juu ya dizeli. Mfumo huu huitwa HEUI, na ulitokana na kazi ya Caterpillar na Navistar.

Namba ya kukumbuka ni psi 500 (psi ni kipimo cha presha). Chini ya hapo wakati wa kupiga stata, kompyuta hairuhusu injekta kufanya kazi. Injini ikibeba mzigo mzito, presha hupanda hadi psi 3,600 hivi. Sasa fikiria mfumo wenye oringi iliyochoka, yaani ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Oili ikiwa baridi ni nzito, inapita kwa shida kwenye ufa, na psi 500 zinapatikana. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inatoroka, na presha haifiki. Kwa hiyo ule ugonjwa wa kutowaka ikiwa ya moto kwa kawaida unaonyesha uvujaji. Pampu iliyokufa kabisa haichagui asubuhi wala mchana.

Cha kwanza kununua: kipimo

Kabla ya spea yoyote, nunua adapta ya OBD, inayochomekwa kwenye tundu la kupimia kompyuta ya gari, na programu ya FORScan, ambayo ipo ya kompyuta na ya simu. Gharama yake ni ndogo kuliko saa moja ya fundi. Piga stata huku ukisoma vitu vitatu.

Soma ICP, yaani presha ya oili kwenye mfumo. Soma IPR, valvu inayodhibiti presha hiyo, ambayo huonyeshwa kwa asilimia. Kompyuta ikiwa imeifunga IPR hadi asilimia 85 na bado ICP haifiki psi 500, oili inavuja mahali, au IPR yenyewe haifungi, au pampu imechoka. Kisha soma volti za FICM, kompyuta inayowasha injekta. Zinatakiwa kuwa 48 hivi. Zikishuka chini ya 45, shughulikia betri na FICM kwanza, kwa sababu hata pampu ya dhahabu haitaliwasha gari hilo.

Chomoa pia waya wa sensa ya ICP. Ukikuta oili ndani ya plagi, sensa imeoza. Na kama gari linawaka ukiwa umeichomoa, umeshampata mshukiwa kwa gharama ndogo kabisa.

Kipimo cha upepo ndicho kinachomaliza ubishi. Fundi anatoa sensa ya ICP, anafunga adapta ya hewa mahali pake, anaifunga IPR kwa kutumia kompyuta, halafu anapuliza upepo wa kompresa, psi 100 hadi 150, kisha anasikiliza. Mlio ukitoka nyuma ya injini chini ya tabo, ni eneo la pampu na fitingi yake. Ukitoka chini ya makava ya valvu, ni mabomba na plagi za reli za oili, au oringi za injekta. Gereji ikikataa kufanya kipimo hiki na kukuambia moja kwa moja ulete pampu, chukua funguo zako uende kwingine.

Nafasi ya kwanza: rekebisha uvujaji, pampu ibaki

Kwa injini za kuanzia katikati ya modeli ya 2004 hadi 2007, hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi kubwa. Pampu za kipindi hiki zilitoka kiwandani na fitingi ya vipande viwili iitwayo STC, ambayo hulegea na kuachia oili. Ford walitoa kiti, yaani seti ya spea, ya kuirekebisha yenye fitingi ya kipande kimoja. Kwenye injini hizo hizo kuna mabomba mawili ya kusimama na plagi mbili, moja moja kila upande, chini ya makava ya valvu. Oringi zake za mwanzo hukatika, na za sasa zimeboreshwa.

Kila kiti kati ya hizi mbili kwa kawaida hupatikana chini ya dola 200. Ya mabomba na plagi haihitaji hata kuigusa tabo. Mtu mwenye mkono mzuri na kitabu cha Ford anaifanya nyumbani wikiendi moja. Ya STC inahitaji kufungua mpaka kwenye pampu, na ukishafika huko swali linakuja lenyewe: si bora nibadilishe na pampu?

Jibu langu linategemea unachokiona kwenye kisima cha oili chini ya pampu. Kama oili ni safi na hakuna vumbi la chuma, irudishe pampu yako. Kama kuna chembe za chuma zinazong'aa, pampu inajila, na kuirudisha ni kuzitupa pesa zote za kazi ulizokwisha kulipa.

Nafasi ya pili: iliyokarabatiwa kiwandani, yenye jina

Kama kweli pampu imekufa, hii ndiyo ninayompendekezea mtu wa bajeti ya kawaida. Bostech na Alliant Power ni majina yanayojulikana kwenye soko hili. Pampu hufunguliwa, sehemu zilizochoka hubadilishwa, kisha hupimwa. Bei huwa mara nyingi kati ya dola 350 na 700, pamoja na amana unayorudishiwa ukipeleka pampu yako kuukuu.

Muulize muuzaji mambo haya kabla ya kulipa: je, fitingi iliyo juu yake ni ya kipande kimoja, au watakuuzia pampu nzuri yenye ugonjwa ule ule wa STC? Waranti ni ya muda gani, na inalipia kazi ya fundi au inakupa pampu nyingine tu? Karibu zote hazilipii kazi. Ndiyo maana waranti ndefu ya pampu mbovu haina faida, kwani kila unapoirudisha unalipia upya siku nzima ya gereji.

Nafasi ya tatu: mpya, ya Motorcraft au ya kampuni yenye historia

Motorcraft ndiyo spea ya Ford wenyewe. Ni ghali, lakini hakuna kubahatisha kama itakaa sawa. Melling ya Jackson, Michigan, inayojulikana kwa pampu za oili, nayo huuza za injini hii. Ningeipandisha nafasi hii juu ya ya pili kwa mtu mmoja tu: yule ambaye gari hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba, na anakusudia kukaa nalo miaka. Gari likilala wiki moja, hasara ya wiki hiyo inazidi tofauti ya bei. Kwa mtu anayetengeneza ili auze, haina maana.

Nafasi ya nne: ya mtumba kutoka yadi ya magari yaliyovunjwa

Kwa 6.0 siipendi. Magari mengi yaliyofika yadi yalifikishwa huko na injini hii hii, na huwezi kujua pampu unayoishika ilikuwa inafanya kazi siku gari lilipozimwa. Ukikuta gari lililogongwa nyuma, lenye rekodi za matengenezo, na unaiona pampu ikitolewa mbele yako, hapo fikiria. Hata hivyo lazima ununue kiti ya fitingi mpya.

Usinunue: zisizo na jina

Kuna pampu mpya mtandaoni zinazouzwa kwa bei ya chini kuliko amana ya pampu za maana, bila jina la mtengenezaji, na picha ile ile kwa wauzaji kumi. Pampu hii ikivunjika haifi peke yake. Chuma chake huingia kwenye reli na kufika kwenye injekta 8. Ulichookoa kwenye pampu unakilipa kwenye injekta, na injekta 8 zinaweza kufikia thamani ya gari zima.

Usichanganye za mwanzo na za baadaye

Pampu ya 2003 hadi sehemu ya 2004 haiingiliani na ya baadaye. Gari la 2004 linaweza kuwa na yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo usiagize kwa mwaka tu. Itafute sensa ya ICP. Ukiikuta nyuma chini ya tabo, kwenye kava la pampu, injini ni ya mwanzo. Ukiikuta kwenye kava la valvu la upande wa abiria, ni ya baadaye. Nimeona watu wakipoteza wiki mbili za kusubiri mzigo kwa sababu ya kuruka hatua hii ya dakika tano.

Wenye Power Stroke ya lita 7.3, ile ya kabla ya 2003, mambo yao ni mepesi. Pampu iko mbele, haihitaji kung'oa tabo, na ya mtumba kwake ni chaguo la heshima. Anza kwa kubadilisha oringi za IPR, na kagua nati ya nyuma ya valvu hiyo, maana hulegea. Fungua plagi ya juu ya tangi dogo la oili lililo mbele: oili iwe karibu na ukingo. Kama iko chini sana baada ya gari kulala, tazama upande wa pampu ndogo ya oili au valvu ya kuzuia oili isirudi. Pampu za kuanzia katikati ya 1999 hutoa oili zaidi kuliko za mwanzo, na wenye magari ya zamani huzitafuta kwa sababu hiyo.

Na kama uko nyumbani Afrika Mashariki na hujawahi kuiona Ford hii, mfumo wa namna hii umo kwenye Isuzu Bighorn ya injini ya 4JX1 na kwenye mashine za Caterpillar za 3126 na C7. Spea ni tofauti, lakini utaratibu wa kupima presha kabla ya kununua ni ule ule.

Vya kuongeza kwenye oda moja

Manifoldi ikiwa imetoka, usifunge bila kubadilisha kichujio kidogo cha wavu kilicho chini ya kipoza oili. Kikichanika, vipande vyake huenda moja kwa moja kwenye pampu mpya. Kipoza oili chenyewe, kama kimeziba, huu ndio wakati wake, kwani unalipia kazi mara moja. Ongeza gasketi za tabo na kava la pampu, filta ya oili ya Motorcraft, na oili yenyewe. Injini hii inameza kwati 15, sawa na lita 14 hivi, na inaharibu oili haraka kwa sababu oili hiyo ndiyo inayoendesha injekta.

Kisima kisafishwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kijazwe oili safi kabla ya kuwasha. Unapopiga stata mara ya kwanza, fanya kwa vipindi vifupi na uipumzishe stata katikati, huku ukitazama ICP kwenye simu. Itapanda polepole hewa inapotoka. Ikishawaka, liendeshe mpaka lipate moto kamili, lizime, subiri dakika 20, kisha liwashe tena ukiwa bado uko gerejini. Usirudishe pampu kuukuu kudai amana kabla gari halijafaulu jaribio hilo mara mbili.