Uzoefu wangu: kufanyia kongamano la wanafunzi chuoni hapa Moshi

Kama unaandaa kongamano la wanafunzi na bado unajiuliza hoteli au chuo, mimi nakwambia chukua chuo. La kwetu lilikuwa la kujitolea na ushiriki wa vijana kwenye mambo ya mtaa, tukakodi chuo kimoja hapa Moshi kipindi cha likizo, ukumbi, vyumba vya semina, hosteli na jiko, wajumbe wakatoka Dodoma, Iringa, Mwanza mpaka Mtwara.

Kwanza hosteli, maana hiyo ndo iliyobeba kila kitu. Hotelini kikao kikiisha saa kumi na moja kila mtu anajifungia na simu yake, pale watu wamelala wanne wanne kwenye vitanda vya deka, usiku wanatoa viti nje wanaendeleza mada za mchana, kuna vijana walikuwa hawajuani kabisa wameondoka wamepanga kampeni ya kuchangia damu pamoja. Maji yanatoka muda wote, vyoo visafi, matroni yuko makini sana. Ila blanketi beba mwenyewe jamani, Moshi mwezi wa saba baridi ipo na chuo hawakwambii mpaka uulize, watu wa Mtwara walipata shida kweli.

Chakula sina neno, kina mama wa jikoni Mungu awabariki, asubuhi mtori, mchana ndizi nyama au wali maharage, na kinatoka kwa wakati.

Kilichoniudhi ni ukumbi. Umeme ulikatika mgeni rasmi akiwa katikati ya hotuba, jenereta ikawashwa kumbe inabeba taa tu, spika hakuna, projekta hakuna, fundi wa sauti anapigiwa hapokei. Tulilipia ukumbi na vifaa vyake, siyo ukumbi na taa. Na kontrol namba ya malipo ilichelewa mno, unafuatilia uhasibu mpaka unachoka, ingawa risiti walitoa bila shida.

Sasa kwa nini bado nawasifia, ni kwa sababu ya mtaa. Chuo kinaishi na majirani zake, hoteli haina hilo. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi walitupeleka wenyewe mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, tukapewa mtaro wa kuzibua, majembe na sepetu tukaazima hapo hapo majumbani. Ule mtaro ulikuwa umeziba haswa, chupa juu, chini yake ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu 2019, imeshikana na tope unavuta haitoki. Mama mmoja anayeuza ndizi pembeni akatuangalia weee, mwisho akasema, "Asanteni wanangu, ila mkiondoka nani atazibua?"

Binti mmoja kutoka Iringa akamuuliza, shikamoo mama, kwani hela ya taka mnalipa? Analipa. Na kwenye mkutano wa mtaa mshauliza inafanya nini? Mama akasema yeye mara ya mwisho kukanyaga huko ni kupiga kura ya kuchagua mwenyekiti Novemba 2024. Mwenyekiti mwenyewe kasimama hapo hapo anasikia.

Mchana tukaweka pembeni mada iliyokuwa kwenye ratiba, tukawaleta mwenyekiti, yule mama na wazee wawili wa mtaa ukumbini, na hicho ndo kikao bora nilichowahi kukaa. Mzee mmoja akaeleza mifongo, ile mifereji ya Wachagga ya kushusha maji mashambani, kwamba siku ya kusafisha kila anayetumia maji anatoka na jembe, asiyetokea anapigwa faini, hakuna cha kumsubiri mtu wa nje. Vijana wakamjibu vizuri tu, kwamba mzee zamani hamkuwa mnalipa ada ya taka, leo mtu kalipa halafu anaambiwa ashike jembe, lazima kwanza aonyeshwe hela imeenda wapi. Mwingine akafungua Katiba ya 1977 ibara ya 146 kwenye simu akasoma kwa sauti, kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwenyekiti hakukasirika, akaahidi mbele ya watu wote kusoma mapato na matumizi kwenye mkutano ujao, na yule mama akasema atakuwepo.

Afisa maendeleo ya jamii naye akafafanua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba ila vijana lazima muwe kikundi kilichosajiliwa. Wanafunzi wengi walikuwa hawaijui kabisa, wanasoma chuo kikuu! Yaani hapo ndo nilipoona kongamano kama hili lina kazi.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja wakairekebishe kwenye jenereta. Ukienda kukagua waambie waiwashe mbele yako na maiki ikiwa imechomekwa, fundi wa sauti mwandikishane kwa jina kwenye mkataba, na tarehe omba mapema kabla hawajapanga sapu, ile mitihani ya marudio, maana wakishapanga sapu hosteli hupati tena.