0 A.D. kwenye maabara ya shule: gemu ya bure, chuma cha Meroe na misitu inayokwisha

Mwaka sifuri haukuwahi kuwepo. Kalenda ilitoka mwaka 1 K.K. ikaingia moja kwa moja mwaka 1 B.K., na waliobuni gemu ya 0 A.D., yaani mwaka 0 B.K., wanalijua hilo, jina lenyewe ni mzaha. Mwalimu wa historia mwerevu ataanzia hapo hapo, kabla kompyuta hazijawashwa.

Ni gemu ya mikakati. Mchezaji anachagua moja kati ya staarabu 14 za kale, anapewa kituo cha mji, wanawake 4, askari wa miguu 4, mpanda farasi 1, na akiba ya 300 ya kila mali: chakula, mbao, mawe na metali. Kuanzia hapo analima, anakata miti, anajenga, anaunda jeshi na kulinda mpaka wake. Inatengenezwa na Wildfire Games, kundi la watu wa kujitolea, na ni programu huria. Hakuna leseni ya kulipia wala akaunti ya kufungua, na unaruhusiwa kuinakili kwenye flashi ukawagawia wanafunzi wote. Tathmini hii ni ya Alpha 27, toleo la Januari 2025, na tumeiandika tukiwafikiria walimu na walezi wa vyama vya historia kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Siaya na Busia, ambao maabara yao ina kompyuta kumi na mbili, nane zinawaka, na bando ni la mwalimu mwenyewe.

Kwa chama cha shule tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kwa mtoto anayecheza peke yake nyumbani tunaipa 2, na sababu zitaonekana.

Wengi watauliza kwa nini tusipendekeze Age of Empires II, gemu nyingine ya mikakati ya kihistoria. Kwa hadithi, ile Definitive Edition ya 2019 iko mbele sana: ina kampeni, yaani misururu ya mechi zenye hadithi, ya Sundjata wa Mali, ya Yodit wa Ethiopia, na ya Francisco de Almeida, yule Mreno aliyezishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Nayo ina dosari zake. Wanawake wa Gbeto ambao gemu inawapa watu wa Mali walikuwa wawindaji wa Dahomey, Benin ya leo, mbali na Mali kwa mahali na kwa karne. Lakini kikwazo kikubwa ni pesa na diski. Inalipiwa, nakala moja haichezwi kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja, na inataka nafasi ya GB 30. 0 A.D. inatoshea ukiacha GB 4.

Sasa tuingie Kush, ufalme wa kale wa Sudan ya leo, maana hapo ndipo gemu hii inapomfaa mwanafunzi wa Kenya. Staarabu ya Kush iliongezwa mwaka 2018. Ina piramidi ndogo na kubwa, hekalu la Apedemak mungu mwenye kichwa cha simba, hekalu kubwa la Amun, na kambi za askari wa kukodiwa wa Noba na Blemmye. Mtoto aliyezoea kwamba piramidi ni za Misri atashangaa, na mshangao huo una msingi: Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri, ingawa ni ndogo zaidi na zimesimama wima zaidi. Na Meroe, mji mkuu wa baadaye wa Kush, umo kwenye silabasi ya historia na serikali, katika mada ya uhunzi wa chuma barani Afrika. Kwa kawaida mada hiyo hukaririwa kama orodha ya majina: Meroe, Nok, basi.

Mchukue Amanirenas, mmoja wa mashujaa watatu wa Kush kwenye gemu. Kati ya mwaka 25 na 22 K.K. Wakush walivamia Syene, yaani Aswan ya leo, pamoja na visiwa vya Elephantine na Philae, wakaangusha sanamu za Kaisari Augustus. Mgiriki Strabo anamtaja malkia wao mwenye jicho moja. Warumi walijibu kwa kuushambulia mji wao wa Napata, kisha mkataba ukafikiwa kwenye kisiwa cha Samos na Augustus akawaondolea Wakush kodi. Mwaka 1910 wachimbaji walikipata Meroe kichwa cha shaba nyeusi cha Augustus huyo huyo, kimefukiwa chini ya kizingiti cha hekalu ili kila anayeingia akikanyage. Leo kiko British Museum. Gemu haisimulii hata nusu ya haya. Inakupa jina, mavazi na nguvu za kivita, kisha inanyamaza. Mwanafunzi aliyempoteza Amanirenas vitani dakika ya 25 huwa anataka kujua alikuwa nani, na kitabu kikiwa kimefunguliwa mezani wakati huo, atakisoma. Kikiwa maktaba iliyofungwa hadi Jumatatu, hamu imekwisha.

Pale inapofundisha kweli ni kwenye mbao. Nyumba ya watu 10 ni mbao 150. Shamba moja ni 100, na haliingizi zaidi ya wakulima 5. Ghala ni 100, banda la mazao 100. Kituo cha mji kinabeba watu 20 tu, kwa hiyo ukitaka kufika watu 60 unahitaji nyumba 4, ambazo ni 600. Mashamba 5, ni 500. Maghala 2 na banda 1, ni 300. Jumla 1,400, na hujalipia askari hata mmoja. Mti wa kawaida una mbao 200, nao hauoti tena. Kufikia dakika ya 20 miti iliyo karibu imekwisha, wakataji wanatembea mbali, na mapato yanashuka ingawa idadi ya wakataji ni ile ile. Dawa ni kujenga ghala jipya kando ya msitu, na ghala jipya linakusukuma hadi mpaka wa jirani, na hapo ugomvi unaanza wenyewe.

Sasa rudi Meroe. Marundo ya mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia, yaliyobaki pale hayakutokana na mawe peke yake. Kuyeyusha chuma kunakula makaa, na makaa yanakula miti. Kupungua kwa misitu ni mojawapo ya sababu ambazo vitabu vinazitaja kwa kudhoofika kwa Meroe, pamoja na uvamizi wa Aksum chini ya Mfalme Ezana katika karne ya 4 B.K. Mwanafunzi ambaye wakataji wake wamemaliza msitu hahitaji kuikariri sababu hiyo.

Somo jingine limejificha shambani: kila mkulima anayeongezwa kwenye shamba lile lile anapunguza kasi ya wote. Wanafunzi hujaza watano kwa kila shamba kwa sababu nafasi ipo, halafu wanashangaa. Waambie wajaribu watatu kwa shamba moja na watano kwa jingine, wapime kwa dakika tatu. Sokoni nako, ukiuza mbao kila mara ili ununue metali, bei ya mbao inaporomoka na ya metali inapanda. Biashara ya misafara kati ya masoko mawili inalipa zaidi kadiri masoko yanavyokuwa mbali, ndiyo maana wenye tamaa huipeleka misafara kwenye njia wasiyoweza kuilinda. Mwalimu wa biashara ya ng'ambo ya Sahara atapata mfano wake hapo.

Ubaya wake tuuseme bila kuuzungusha. Metali ni metali tu: dhahabu, fedha, shaba na chuma vimetiwa gunia moja. Kwa hiyo uhunzi wenyewe, ule unaoulizwa kwenye mtihani, haumo. Hakuna tanuri wala mivukuto. Jengo la mhunzi lipo, ila kazi yake ni kuboresha silaha kwa kubofya. Utumwa nao haupo, na hilo ni kosa zito zaidi. Athens na Roma zinaendeshwa kana kwamba wanawake na raia askari ndio walifanya kazi zote za mashamba na machimbo. Mwalimu asiponyoosha hapo, mwanafunzi ataondoka na Roma ambayo haikuwahi kuwepo, sawa na ule mwaka. Kisha kuna karne. Mashujaa watatu wa Kush ni Nastasen wa karne ya 4 K.K., Arakamani wa karne ya 3, na Amanirenas wa karne ya 1, wote wakisubiri kuitwa kwenye mechi moja. Wasparta wanaweza kupigana na Wahan wa China. Sisi hatuoni hilo kama hasara: kazi ya kwanza ya chama iwe kuchora mstari wa wakati na kuwaweka watatu hao mahali pao.

Kampeni kamili za kihistoria pia hamna. Ndiyo maana mtoto aliye peke yake anageuka kuwa mkataji wa miti hodari na hajui alikuwa nchi gani.

Kuipanga kwa kipindi cha dakika 80 si vigumu, mradi ufanye mambo haya mapema. Pakua mara moja, palipo na intaneti nzuri, na nakili faili ile ile kwenye kila mashine. Kila kompyuta lazima iwe na toleo lile lile na nyongeza zile zile, la sivyo haitajiunga na mechi, au itajiunga kisha itupwe nje katikati. Mchezo wa pamoja hauhitaji intaneti: rauta yoyote ya kawaida inatosha, hata isiyo na bando. Mmoja anafungua mechi, wengine wanaandika anwani ya IP ya mashine yake. Wakishindwa kuingia, mara nyingi ni kinga ya Windows imeziba poti ya UDP 20595 kwenye mashine ya mwenyeji. Iruhusu, jaribu tena.

Kwenye mipangilio ya mechi chagua ramani ndogo, kikomo cha watu 100, na usitishaji wa mapigano wa dakika 20. Usipoweka usitishaji, kijana mmoja atakimbilia vita dakika ya sita na kipindi chote kitakuwa kelele. Kikomo cha watu nacho kina sababu yake: kila kompyuta inakokotoa mchezo mzima kivyake na zote zinasubiriana, hivyo mashine moja dhaifu inawachelewesha wote. Zima vivuli na mapambo ya maji kwenye mipangilio ya picha, na mashine iliyochoka kabisa iondoe kwenye mtandao, icheze peke yake dhidi ya Petra, mpinzani wa kompyuta, kwa kiwango cha chini. Stima ikiwa ya kubahatisha, hifadhi kila dakika 10. Mchezo uliohifadhiwa haufunguki kwenye toleo jipya, basi usisasishe katikati ya muhula.

Wakae wawili kwa mashine: mmoja ana kipanya, mwingine ana kalamu. Mwenye kalamu anaandika kiasi cha kila mali dakika ya 5, 10, 15 na 20, na sababu ya kila uamuzi mkubwa. Mechi ikiisha, gemu inatoa grafu za uchumi na jeshi za kila mchezaji tangu mwanzo. Linganisha daftari na grafu. Mara nyingi aliyeshindwa alishindwa kabla ya upanga wa kwanza. Simamisha mchezo dakika ya 50 hata kama wanalalamika. Watalalamika. Dakika 30 zilizobaki ni za kitabu.

Mashariki ya Afrika haimo kabisa kati ya hizo staarabu 14, na pengo hilo ni zoezi zuri kuliko ramani yoyote iliyomo. Katika karne za mwisho K.K. wafua chuma walikuwa tayari kwenye nchi zinazozunguka Ziwa Victoria, na vyungu vyao vimepewa jina la Urewe, eneo lililo Siaya. Karne nyingi baadaye Abasamia wa Busia walikuwa wakiyeyusha chuma na kuwauzia majirani majembe. Ukuta wa Thimlich Ohinga huko Migori, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, ulipangwa mawe matupu bila udongo wa kuunganisha, kimo cha mita 1.5 hadi 4.5. Mwanafunzi aliyelipa mawe kwa kila kipande cha ukuta wa gemu ataelewa kazi iliyolala pale.

Wape karatasi yenye nafasi zile zile ambazo gemu inazijaza kwa kila staarabu: mji mkuu, mashujaa, hekalu, askari maalumu, mali kuu. Waambie waijazie watu wa Urewe kwa kutumia vitabu na Makumbusho ya Kisumu. Chuma kitaandikwa, vyungu vitaandikwa, kilimo kitaandikwa. Kwenye mji mkuu na mashujaa kalamu zitasimama, na mtu atauliza kama ni kwa sababu hawakuwa navyo au ni kwa sababu aliyetengeneza karatasi alikuwa akifikiria Roma.