Pedi mpya za breki mara mbili mwaka mmoja, kumbe ugonjwa uko nyuma

Probox yangu hupanda Gongoni na kurudi Malindi karibu kila siku na magunia ya chumvi, kwa hiyo breki kwangu si mapambo. Mwaka huu nilitia pedi mpya za mbele mara mbili. Zile za pili hazikumaliza hata miezi minne. Zikaanza kulia mpaka abiria wa tuktuk wanageuka kuniangalia.

Gereji niliyozoea jibu lao lilikuwa moja tu: "Ulinunua feki." Hizo za pili zilikuwa za bei, na mambo yakawa yale yale. Hakuna aliyefungua magurudumu ya nyuma.

Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja mtaa wa Maweni. Huyu hakushika spana kwanza. Aliingia garini, akavuta hendibreki akisikiliza inavyogonga, ta-ta-ta, ikapanda mpaka karibu na kiwiko chake. "Mzee, shuu zako zimelala," akasema, yaani vile vipande vya breki za nyuma vinavyobana dramu kwa ndani.

Dramu ya kushoto, ile bakuli la chuma linalofunika shuu, ilikuwa imegandana kwa kutu. Nilidhani ataitwanga nyundo. Kumbe zina matundu mawili yenye nyuzi. Akatia bolti mbili, akawa anakaza hii kidogo, ile kidogo, mpaka dramu ikajitoa yenyewe. Ndani, kile kigurudumu cha meno kinachosogeza shuu kadiri zinavyolika kilikuwa hakizunguki kabisa. Chumvi hiyo. Silinda inayosukuma shuu nayo inavuja, shuu zimelowa mafuta ya breki.

Hapo nikaelewa. Ukikanyaga breki uzito wa gari huegemea mbele, kwa hiyo pedi hufanya kazi kubwa hata siku nzuri. Nyuma ikilala, zinabeba mzigo wote. Nilikuwa nalaumu pedi bure.

Shuu alibadilisha pande zote mbili, ingawa za kulia zilikuwa kavu, maana upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari huvuta. Silinda mpya, kigurudumu akakisugua na kukipaka grisi. Pedi za mbele zilibaki kama milimita 2; mpya huwa karibu 10, na chini ya 3 alisema hazifai kusubiri, akatia mpya. Ile kelele ilikuwa ya kibati cha chuma kilichowekwa makusudi kigonge diski na kukuonya. Kabla ya kurudisha ndani pistoni inayosukuma pedi alifungua kifuniko cha mafuta ya breki, na mwisho akapampu pedali mpaka ikawa ngumu, ndipo akanipa ufunguo.

Nililipa shilingi 7,400, spea na ufundi. Lakini simpi alama zote. Aliniambia ni kazi ya muda wa saa mbili tu, nikatoka baada ya alasiri. Halafu vumbi la dramu alilipuliza kwa kompresa bila hata kitambaa puani, na vumbi lile si la kuvuta. Lingelowekwa kwa maji kwanza. Nilimwambia, akacheka. Risiti pia hana, andika mwenyewe kwenye daftari lako.

Wiki ya kwanza nilikanyaga polepole, kama alivyoagiza, pedi zikae sawa na diski. Hendibreki sasa inashika ikigonga mara sita tu. Na juzi, karibu na daraja la Sabaki, lori lilisimama ghafla mbele yangu. Gari likatulia bila kuvuta upande, magunia tu ndiyo yaliyonisukuma mgongo.