Sola ya nyumbani Katubuka: betri moja, friza imejaa

Duka liko Mwanga, hapa Kigoma mjini, barabara ya kwenda Ujiji. Paneli zimeegeshwa ukutani tangu asubuhi, na redio inapigwa kwa nguvu ili mpita njia ajue sola inafanya kazi. Jina silitaji, maana nina la kusifu na la kulalamika, na hilo la kulalamika bado tunalimalizana. Duka nalipatia nyota tatu. Fundi wao, tano.

Kwanza mjue shida yangu ilikuwa nini, msije mkanunua nilichonunua mimi na shida yenu ni nyingine. Nauza samaki wa friza, migebuka na kuhe, na jioni juisi na barafu za watoto. Zile habari za majenereta na dizeli tulizokua nazo Kigoma zimepungua tangu gridi iingie mkoani. Lakini mvua za Novemba zikianza na radi zake za ziwani, umeme unaondoka bila kuaga. Mgebuka ukilainika mteja anauminya tumbo mara moja tu, anaurudisha, anakwenda zake.

Kwa hiyo sikwenda dukani kutafuta nafuu ya LUKU. Wengi ndipo wanapodanganywa. Nyumba yangu na friza vinakula kama uniti 3 kwa siku. Sisi tusio kwenye bei ile ya chini ya matumizi madogo, elfu moja inatupa kama uniti 2.8, kwa hiyo ni elfu thelathini na kitu kwa mwezi. Betri peke yake nimeuziwa milioni moja na laki sita. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya miaka minne, na hapo sijagusa paneli wala inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uweze kuendesha vitu vya nyumbani. Anayekuambia betri itajilipa kwa LUKU ndani ya mwaka, mwambie akukopeshe yeye.

Kaka wa kaunta alitaka kunipa betri mbili za jeli, za ampea mia mbili kila moja. "Mama, ukichukua hizi utamsahau TANESCO." Akazipiga makofi kama anauza tikiti maji. Pembeni palikuwa na betri ya lithiamu, volti 24, ampea mia moja, imewekwa kwenye boksi dogo nikalidharau. Ya jeli kubwa, bei iko chini, kwa nini nisichukue?

Fundi alikuwa nyuma anakaza waya. Akaja, akanisalimia shikamoo, akachukua kipande cha boksi na kalamu. Jeli mbili zikiungwa zinatunza kama uniti 4.8, lakini ukizinyonya kupita nusu mara kwa mara unaziua, kwa hiyo hesabu 2.4. Lithiamu ile inatunza 2.5 na ushee, na unaweza kuitumia karibu yote. "Usiku wako ni uleule mama, ila moja utaibadilisha mapema, nyingine utakaa nayo." Kaka wa kaunta akaenda kupunguza redio, nami nikachukua lithiamu.

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: friza naifungua usiku? Nikamwambia mteja akija nafungua. Akasema kama naweza kuacha, betri ya pili ya nini? Mchana, jua likiwa kali, friza igandishe mpaka mwisho, na nafasi zilizobaki zijazwe chupa za maji za lita moja na nusu. Zikiganda, friza iliyojaa na isiyofunguliwa inashika ubaridi usiku kucha bila tabu. Betri ibaki na taa, feni, televisheni na simu, vitu ambavyo kwangu havifiki uniti moja na nusu kwa usiku. Friza akaipa sakiti yake yenye saa, inajizima jioni na kuwaka jua likishapanda. Sasa baada ya isha friza haifunguliwi, hata aje shemeji. Wateja wamezoea, isipokuwa jirani mmoja ambaye hamu ya kuhe humshika saa tatu usiku.

Nilimuuliza pia kama naweza kuweka paneli tu, betri niiache kabisa. Akasema inveta ya kuungana na TANESCO isiyo na betri, umeme ukikatika nayo inajizima, hata jua liwe la utosi. Imetengenezwa hivyo makusudi, isije ikarudisha umeme kwenye nguzo aliyopanda mtu. Zipo zinazoweza kuendesha bila betri, ila wingu likipita friza ndiyo inataka kuwaka, zinayumba. Mota ya friza inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia. Na kwa ajili ya mota hiyohiyo alikataa kuniuzia inveta ya bei chee yenye umeme wa mikatomikato, usiopanda na kushuka taratibu kama wa TANESCO: mota inaguna, inachemka, mwisho inakufa.

Paneli zangu ni tatu za wati 550. Kabla ya kupandisha alizilaza kifudifudi uani, akasoma kikaratasi cha nyuma, akajumlisha volti za zote tatu (zinakaribia 150), ndipo akasoma na ubavu wa inveta kuona kama inazibeba. Nimeona mafundi wanaounga kwanza na kusoma baadaye. Akazielekeza kaskazini, maana sisi tuko kusini ya ikweta, akaziinua kidogo ili mvua ioshe vumbi letu jekundu, na akaacha uwazi juu ya bati, kwa sababu paneli ikichemka inatoa pungufu.

Kiangazi betri inajaa kabla ya mchana kuisha. Masika kuna siku haijai, sidanganyi. Siku hizo inveta inachukua kwa TANESCO, na tumeiamuru isiteremshe betri chini ya nusu wakati umeme upo, ili ukikatika usiku tusikute patupu. Pasi na birika la umeme hazimo kabisa kwenye sola. Mzee alilalamika wiki ya kwanza, sasa anachemshia chai kwenye gesi.

Nyota mbili walizopoteza ni hizi. Waya wa athi, ule unaozikwa ardhini, na kinga ya radi havikuwamo kwenye invoisi mpaka nilipouliza, na huku kwetu na radi zile, hilo si jambo la mteja kukumbusha. Tundu mbili za boliti kwenye bati zilivuja mvua ya kwanza. Walikuja kuziba, ila baada ya simu nyingi. Na waranti ya betri ni miaka mitano kwenye karatasi, lakini ikiharibika inatakiwa ipelekwe Dar kwa gharama yako. Hilo liko kwa herufi ndogo nyuma ya risiti. Nimewaambia walibadilishe, wanasema watamuuliza bosi.

Shoga yangu mwenye cherehani za umeme ameniuliza kama anunue betri kama yangu. Kazi yake yote ni mchana na akifunga anakwenda kulala kwake, kwa hiyo nimemwambia aweke pesa kwenye paneli, betri achukue ndogo ya kumvusha wingu. Na mkienda pale dukani nendeni mapema, fundi hajapanda boda kwenda kazini. Saa nne ikipita mtamkuta kaka wa kaunta peke yake.