Duka la pembejeo lilikataa hata kumtazama mdudu wangu

Mimi si mtu wa kulalamikia maduka mtandaoni, lakini hili limenikaba tangu baridi ilipoanza kuuma huku Uyole, Mbeya, na nisipolisema sitapumua.

Nina bustani ya chainizi, figili na kabichi nyuma ya nyumba, nawauzia akina mama wanaopeleka soko la Mwanjelwa. Asubuhi moja nikigeuza majani ya chainizi nikakuta wadudu nisiowajua. Weusi, wana vidoa vya rangi ya chungwa ubavuni, miguu sita yote imekaa upande wa mbele, mwili umechongoka kwenda nyuma kama mamba mdogo. Kiwavi wa kabichi namjua, ukimgusa anajinyonganyonga kinyumenyume kisha anajiangusha na kuning'inia kwenye uzi wake. Sota namjua, anakata miche usiku. Hawa walikuwa wageni kabisa. Aliyewahi kulima nyanya anaelewa kwa nini moyo ulinienda mbio: kantangaze, yule mdudu wa nyanya, naye alipoingia Tanzania mwaka 2014 alikuwa mgeni, na wengi walikuja kumtambua majani yameshaliwa kwa ndani na nyanya zimetobolewa.

Nikawatia wachache kwenye kopo pamoja na jani lao, nikapanda daladala mpaka duka la pembejeo ninalonunuaga. Kijana wa kaunta alikuwa na simu yake. Shikamoo sikupata, nikapotezea. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba unitazamie hawa wadudu, sijawahi kuwaona." Akajibu bila kuinua macho: "Mama, hapa hatuuzi wadudu, tunauza dawa." Wateja waliokuwepo wakacheka. Nikafungua kifuniko nikamsogezea. Akalisukuma lile kopo kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa kaunta, akashusha chupa kwenye rafu. "Piga hii, inaua kila kitu. Keshokutwa unavuna."

Keshokutwa! Chupa ina mstari wa njano, alama kwamba ni sumu yenye madhara, na kwenye maandishi yale madogo imeandikwa usivune kabla ya wiki mbili kupita. Nikamsomea palepale. Hiyo mboga inaliwa na watoto wa watu. Akaniambia kama mimi ndiye mtaalamu, basi nisiwapotezee muda wateja wengine.

Niseme haki, duka lenyewe si baya. Mbegu zao zinaota, mbolea haijachakachuliwa, na mwenye duka akiwepo anakuuliza unalima wapi na unatumia maji gani kabla hajakuuzia kitu. Ndiyo maana nilienda kwao na si kwingine. Kwa mbegu, nendeni tu.

Nikawapiga picha wale wadudu na kumtumia afisa kilimo wa kata yetu. Jioni akapiga mwenyewe. "Shikamoo mama. Hebu niambie kwanza, kwenye jani hilohilo kuna wadudu mafuta?" Nikamwambia wamejaa upande wa chini, wale wa kijani. "Basi usipige dawa yoyote. Hao weusi ni watoto wa wale wadudu wekundu wa duara wenye madoa meusi. Chakula chao ndiyo hao wadudu mafuta. Waache kwenye kopo uwatazame."

Nimewatazama, ndugu zangu. Anamnasa mmoja, anamla taratibu mpaka hakibaki kitu, anahamia kwa mwingine. Baada ya siku kadhaa mmoja akajibandika mkia kwenye jani, akajikunyata, akatulia tuli. Alipochomoza alikuwa wa njano iliyopauka, hana doa hata moja, nikadhani ni mgonjwa. Niliporudi kutoka kupeleka mboga ameshaiva rangi, madoa yote yametokea.

Hapo ndipo hasira iliponirudia upya, kubwa kuliko ya siku ya dukani. Ile dawa ya "kila kitu" ingewamaliza hawa. Wadudu mafuta wachache wanaosalimika hawahitaji hata dume; jike anazaa mwenyewe, anazaa watoto hai, na wakishakosa wa kuwala tuta linajaa tena upesi. Mimi ningefanya nini? Ningerudi palepale kununua chupa nyingine. Ni wakulima wangapi wa huku kwetu wanazungushwa hivyo, kwa sababu tu hakuna aliyeinamisha kichwa kutazama ndani ya kopo? Afisa kilimo alinisaidia kwa simu, kwa vocha yake, bila kuniuzia chochote.

Kwa hiyo lile neno la kwamba mwende kwa mbegu nalitengua. Mimi siendi tena, hata kwa mbegu, mpaka pale kaunta akae mtu anayemtambua mdudu, awe na kioo cha kukuzia, na akuambie siku za kusubiri kabla hujauliza. Duka linaloruhusiwa kuuza sumu haliwezi kusema kutazama mdudu si kazi yake. Kijana simwombei afukuzwe, ana familia labda; afundishwe, na kama hataki kufundishwa akauze vitu vingine.

Namba ya mwenye duka ninayo na nitampigia, maana najua hana habari. Chainizi tumeanza kuvuna, sijapulizia kitu. Majani yaliyojikunja kwa wadudu mafuta nayaosha kwa maji, na yale yenye hao weusi siyagusi.