Kabla ya kulipia huduma ya wingu, hesabu siku

Oktoba mwaka jana afisa miradi wetu aliacha kazi. Jioni ileile mkurugenzi aliniagiza nifunge akaunti yake, nikaifuta. Wiki ya sita mfadhili akaomba barua za makubaliano ya 2021, na zote zilikuwa kwenye kikasha kile. Kampuni iliyotutunzia barua pepe ilinijibu kwa mstari mmoja: bakapu yao, yaani nakala ya akiba, ni ya siku 7. Mimi na mhasibu tulishinda wiki nzima tukipiga simu wilayani, tukiomba watu watutumie upya nakala walizobaki nazo.

Tangu hapo nikiletewa profoma ya huduma ya wingu, yaani barua pepe na mafaili kutunzwa kwenye seva za kampuni nyingine mtandaoni, sianzi na bei wala ukubwa wa nafasi. Nauliza: kitu kikifutwa leo, nina siku ngapi za kukirudisha? Ukiwa mtu wa IT peke yako ofisini, hakuna mwenzako wa kugundua kosa. Ukiugua, au ukienda kijijini msibani, siku zinakwenda.

1. Microsoft 365. Hii ndiyo ninayoipenda, na sifichi. Faili likifutwa OneDrive (hifadhi ya kila mtumishi) au SharePoint (hifadhi ya pamoja ya ofisi) hukaa kwenye pipa la taka siku 93. Akaunti ya mtumishi ikifutwa, una siku 30 za kuirudisha pamoja na barua pepe zake, na mafaili yake ya OneDrive yakipita siku 30 za kawaida huingia kwenye pipa lenye siku 93 nyingine. Mfadhili wetu angeomba chochote kilichokuwa OneDrive wiki ya sita, ningekitoa. Kasoro yake iko kwenye barua pepe mojamoja: ikishaondolewa hata kwenye pipa, hurejesheka kwa siku 14 tu. Msimamizi anaweza kuzifanya 30 kwa amri ya PowerShell, programu ya kuandikia amri. Fanya hivyo siku ya kwanza, kabla hujaunda akaunti ya mtu yeyote.

2. Google Workspace. Watumishi huizoea haraka kwa sababu Gmail wanaijua, na kwa barua pepe mojamoja inaishinda Microsoft: siku 30 kwenye pipa, kisha msimamizi ana 25 zaidi. Drive, hifadhi yake ya mafaili, nayo ni hivyohivyo. Lakini akaunti nzima ikifutwa una siku 20, basi. Siku 20 ni chache kuliko likizo ya mwaka ya mtumishi. Ukiichagua, usifute akaunti ya anayeondoka. Badili nywila, isimamishe, hamishia mafaili yake kwa mkuu wake, na ufute baada ya ukaguzi wa hesabu.

3. Zoho. Mpango wa bure ni wa watu 5, GB 5 kila mmoja. Unawafaa wanaoanza.

4. Barua pepe inayokuja na tovuti. Ni rahisi, lakini akaunti ikifutwa unategemea bakapu ya mwenye seva. Yaliyonikuta nimeshayasema.

Na muuzaji akikwambia mafaili yakisinki kwenye kompyuta, yaani yakijinakili yenyewe kati ya wingu na kompyuta, ni bakapu, mkatalie. Ukifuta huku, kule nako yanafutika.

Kinachoniuma zaidi ni mawakala wanaouza huduma hizi. Aliyetujia baada ya msiba ule alileta profoma ya dola, akiweka na kiwango chake cha kubadilishia, ilhali kanuni za 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa Tanzania. Kibaya zaidi, alitutoza kila kichwa, kila mwezi, wakati Google na Microsoft zote zina mpango wa bure kwa mashirika yasiyo ya faida yanayokidhi vigezo. Mpango wa Microsoft uitwao Business Basic hutolewa hadi kwa watu 300. Alijua sisi ni shirika la aina hiyo, maana cheti chetu cha usajili alikuwa nacho kwenye faili lake. Nilipomuuliza mbona hakutuambia, alisema hatukuuliza. Maombi niliyatuma mwenyewe, kwa cheti hichohicho, bila kulipa shilingi.