Rozari ya mpingo yenye kamba: inamfaa anayesali njiani

Kama unatafuta rozari ya kutundika ukutani au kuning'iniza kwenye kioo cha gari, siyo hii. Hii ni ya kusalia. Ina punje za mpingo, kamba nyeusi iliyosokotwa na msalaba mdogo wa mbao. Niliinunua shilingi 6,000 katika duka la vifaa vya ibada hapa Dar es Salaam.

Mimi ni mkunga. Nikisema nisubiri chumba kimya na mshumaa, jua litazama sijasali. Sala yangu kubwa ya siku naisali ndani ya mwendokasi, kutoka Kimara kwenda mjini, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine uko mfukoni na rozari. Ndiyo maana cha kwanza ninachopima ni kama vidole vyangu vinajua nilipofika bila macho kutazama.

Hapo ndipo rozari hii inapozishinda nyingine. Kati ya punje na punje pana fundo, kwa hiyo punje hazitelezi na kurundikana. Kidole gumba kinasukuma moja, kinakutana na fundo, kinatulia mpaka Salamu Maria iishe. Punje ya Baba Yetu ni kubwa kidogo na imeachiwa nafasi huku na huku. Hata basi likifunga breki pale Manzese abiria wote wakaniegemea, hesabu haipotei. Niliyokuwa nayo kabla ya hii, ya cheni, ilikuwa ikijisokota na funguo. Zile za plastiki zinazong'aa gizani ni nyepesi mno, mkono hauzisikii. Mpingo una uzito wake, unashika joto la kiganja, na kadiri unavyosaliwa ndivyo unavyozidi kung'aa.

Rozari nzima yenye matendo matano, yaani matukio ya maisha ya Yesu na Maria tunayoyatafakari tukisali, inanichukua kama dakika 20. Jumatatu na Jumamosi ni Matendo ya Furaha, na mimi moyo wangu uko kwenye tendo la pili, Maria anamtembelea Elizabeti. Binti mjamzito anafunga safari hadi nchi ya milimani kwa ndugu yake ambaye ni mtu mzima, naye ana mimba ya miezi sita, na Luka anasema alikaa naye kama miezi mitatu. Nikifika hapo nawataja mmoja mmoja kina mama niliowaacha wodini jana: yule wa presha, yule aliyepoteza mtoto, yule ambaye hakuna ndugu aliyekuja kumwona. Tendo la tatu, Yesu anazaliwa, naiombea mikono yangu. Saa nane mchana mama akianza kupiga kelele na kunivuta sare, nimeshamwombea tangu asubuhi. Mtu uliyemwombea huwezi kumfokea. Kwangu hii ndiyo kazi ya sala ya kila siku, na ndiyo maana nasisitiza upate kifaa unachoweza kutembea nacho.

Sasa kasoro. Kipete cha waya kinachoshikilia msalaba ni chembamba, kikafunguka. Nimeweka uzi wa kushonea viatu na umekaa vizuri. Hilo dogo. Linaloniudhi kweli ni kikaratasi kilichomo ndani ya pakiti: kina Furaha, Uchungu na Utukufu tu. Matendo ya Mwanga yaliletwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, nayo ndiyo ya Alhamisi. Mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, akijifunza kwa kikaratasi hicho atakosa ubatizo wa Bwana mtoni Yordani, arusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme wa Mungu, kugeuka sura na kuwekwa kwa Ekaristi. Karatasi mpya ina gharama gani? Wachapishe upya.

Na muuzaji akikuambia imeshabarikiwa kwa hiyo bei imepanda, usiongeze hata shilingi mia. Baraka haiuzwi. Nunua, kisha mpelekee padre baada ya Misa, ataibariki bure.

Kwa bibi mwenye vidole vinavyouma, ulizia yenye punje kubwa. Dukani hapo nilikuta ya shilingi 8,000. Kwa watoto wa Komunyo ya Kwanza chukua hiihii ya kamba, maana cheni wakivutana tu imekatika.